Ubao Ulionukia Sombe

Alhamisi ile, saa nne asubuhi ikikaribia, Albertine alikuwa ameketi chini ya dirisha la darasa la tatu la sekondari, beseni la mikate ya mafuta mapajani, akisubiri kengele ya mapumziko. Dirisha halikuwa na kioo. Vioo vya shule ile iliyokuwa jirani na Base, kambi ya jeshi ya Kamina, viliondoka zamani, kimoja kimoja, vikaenda kufungwa kwenye nyumba za watu. Hivyo kila neno la darasani lilimfikia kana kwamba amekaa kwenye dawati la mbele. Yeye mwenyewe aliishia mwaka wa nne wa shule ya msingi, huko kwao mkoani Équateur, lakini kwa kukaa pale mwaka mzima alikuwa ameokota maneno ya Kiingereza kama kuku anavyookota mtama: chaki, rula, daftari, dawati, ubao, na rangi mbili tatu.

Somo la siku hiyo lilikuwa la kulinganisha: nani mrefu kuliko nani, kitu gani kikubwa kuliko kipi. Citoyen Umba, mwalimu kijana wa Kiingereza, alifundisha vizuri; hata Albertine aliliona hilo. Watoto walizoea Kifaransa, kwa hiyo walitaka kutanguliza neno lao la "zaidi" mbele ya kila sifa, naye aliwarudisha bila kuchoka. Alipima rula kwa rula, daftari kwa daftari, chaki nzima kwa kipande cha chaki. Kisha akasema, "Sasa bantu. Lazare, simama. Na nani mwingine?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, "Bolingo."

Mwalimu hakuwa amemtaja Bolingo. Walijua tu, kama watu wanavyojua kiitikio. Albertine aliinua kichwa. Alisikia dawati likilia, binti yake akisimama.

Bolingo ni mfupi kuliko Lazare. Darasa likarudia kwa Kiingereza. Mujinga, msichana mwenye jina hilo la Kiluba, akasimamishwa pia. Sketi ya Bolingo ni kuukuu kuliko sketi ya Mujinga. Likarudia. Miguu ya Bolingo ina vumbi kuliko miguu ya Mujinga. Likarudia, na sasa kicheko kilikuwa ndani ya sauti.

"Mujinga, baba yako iko na cheo gani?"

"Ajida, citoyen."

"Na baba ya Bolingo?"

Mtu wa nyuma akajibu kwa niaba yake, "Kaporali."

"Bon. Kaporali ni mdogo kuliko ajida. Bolingo, sema weye mwenyewe. Kwa nguvu, basikie."

Kisha Bolingo akasema sentensi ile, kwa Kiingereza, wazi, bila kosa hata moja. Darasa likacheka mpaka kengele ikapigwa.

Mikate ilinunuliwa siku hiyo kama siku nyingine. Watoto wa darasa la tatu walichagua mikate yao huku wakitazama beseni, wala hapana aliyemtazama mama mwenye beseni. Bolingo hakutoka nje.

*

"Mama, minyi siende tena," Bolingo alisema mchana, akiwa bado mlangoni, mfuko wa daftari mkononi.

"Kuanzia lini anakusimamisha?"

"Ulisikia?"

"Nilikuwa chini ya dirisha. Kuanzia lini?"

Bolingo aliweka mfuko chini ya kitanda, kule nyuma kabisa, mahali panapowekwa vitu visivyotumika. "Kuanzia mwezi wa pili. Kila somo ya Kiingereza. Akitaka mufupi, minyi. Akitaka muchafu, minyi. Bananiita Exemple sasa, ati mufano. Hata batoto ba mwaka wa kwanza. 'Exemple, njoo tukupime.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeenda kwa baba. Na baba angefanya nini?"

Albertine alijua. Alimtazama msichana wa miaka kumi na mitano ambaye mwanzoni mwa mwaka aligeuza nyumba yao ya vyumba viwili kuwa darasa. Sufuria hii ni kubwa kuliko ile. Kisu hiki ni kikali kuliko kile. Kila kitu kilipimwa kwa Kiingereza, mpaka kuku. Ndege kubwa za kijeshi zilipotua Base, Bolingo alitoka nje akatazama mnara wa uwanja, si ndege. Alitaka siku moja akae kule juu, aseme na marubani. Aliambiwa kwamba marubani wa dunia nzima husema Kiingereza, wawe wametoka wapi. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa mwezi wa sita. Nani aliyeacha shule mwezi wa tano akarudi? Albertine alimjua mmoja tu, naye alikuwa yeye mwenyewe, ambaye hakurudi.

*

Jioni ile Kaporali Bokungu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, kiatu kimoja cha kijeshi kikiwa mkono wa kushoto kama glovu, akikipaka siraji, rangi ya viatu, kwa kitambaa. Hakuna alichokiogopa duniani kama ukaguzi wa Jumamosi, askari wanapopangwa mbele ya komanda, na komanda anatembea akitazama chini. Askari ambaye viatu vyake vina vumbi aliruka kichura kuzunguka bendera, mbele ya wote, mbele ya wake za watu waliokuja kuchota maji.

"Tata Bolingo," mkewe alisema, "unamujua mwalimu wa Kiingereza?"

"Yule wa velo, wa baiskeli kuukuu?" Bokungu akaanza kucheka peke yake. "Namujua sana. Hakukuambia mutu? Minyi njo nilimufundisha siku moja." Alitema mate kwenye ncha ya kiatu, akasugua. "Nilikuwa zamu kwenye bariere, pale njia inafungwa. Saa moja asubuhi, bendera inapanda, bantu bote bamesimama kama miti. Yeye anateremka na velo, hasimami. Nampigia filimbi, anapita mita tatu mbele ya bendera njo anaanguka. Ati breki zimekufa. Nikamwambia, bon, breki zimekufa, miguu yako haijakufa. Nikamuwekea kartoni ya chaki kichwani, akaruka kichura kutoka bariere mpaka kwenye muti, kwenda na kurudi. Chaki ikaanguka yote. Na akaokota yote."

"Lini?"

"Mwezi wa pili, sijui."

"Batoto ba shule balikuwa hapo?"

"Bote. Si njo saa yao ya kupita? Hata Bolingo alikuwa pale. Aliona baba yake njo muntu."

Albertine alitazama kile kiatu. Kilikuwa kinang'aa, na ndani yake paliakisiwa uso mdogo wa mumewe unaocheka. Alimwambia yote: dirisha, Lazare, ajida na kaporali. Alisema taratibu, kwa matumaini kwamba atakapomaliza, mumewe mwenyewe ataunganisha.

Bokungu aliunganisha kwa namna yake. Alisimama, mguu mmoja mtupu. "Kaporali ni mudogo? Alisema hivyo mbele ya batoto? Kesho nitamungoja kwenye bariere. Safari hii ataruka na velo kichwani."

"Halafu keshokutwa yeye atamufanya Bolingo nini?"

"Atamufanya nini, na minyi iko?"

"Weye utakuwa kwenye bariere. Mutoto atakuwa ndani ya darasa. Enda umuombe musamaha, Tata Bolingo. Neno moja tu. Halafu ataacha."

Bokungu alimtazama kana kwamba amemwambia avae kitambaa cha kichwani aende sokoni. Akaketi tena, akachukua kiatu cha pili. "Kaporali wa Base hamuombi musamaha muntu wa velo," alisema. Kisha akaanza kucheka tena, kwa sababu amekumbuka jinsi chaki zilivyoanguka.

"Basi umuache," Albertine alisema. "Usimufanye kitu. Nimekuomba."

*

Ijumaa Bolingo alilala kitandani amegeukia ukuta. Mchana Mujinga, yule binti wa ajida, alikuja na ujumbe. Alisimama mlangoni, akaongea na Albertine huku akichora mstari ardhini kwa kidole cha mguu.

"Citoyen anasema Jumatatu inspekta wa Kiingereza anakuja. Kesho iko salongo, kazi ya bote, tunapaka ubao upya. Kila mutu na kazi yake. Bolingo alete rangi nyeusi. Anasema kwa Mama wa mikate makaa iko mingi."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mama. Na anasema, mutu asiyekuwa darasani Jumatatu, jina lake linatoka kwenye orodha."

"Umwambie rangi itakuja," Albertine alisema.

Mujinga aligeuka kwenda, kisha akarudi hatua moja. "Mama, minyi sichekagi sana," alisema, akaondoka mbio.

Albertine alichukua chupa tupu akaenda kwa Mama Saumu, mjane wa Kiislamu kutoka Kasongo, aliyekuwa akiuza mafuta ya mawese na chumvi karibu na njia ya reli. Saumu alimtazama mara moja tu, akasogeza kigoda.

"Mama Bolingo, leo uso wako iko kama wa mutu anayefuata nyayo za mwizi."

"Nipimie mafuta."

"Nitakupimia. Kaa kwanza. Na ufute mikono, usinishikie daftari ya wateja na mafuta yako ya mikate. Mafuta ikigusa karatasi, kalamu haiandiki tena." Saumu alicheka akikumbuka. "Kaka yangu Dunia, kule kwetu, alikula wali wa mawese halafu akashika ubao wake wa Kurani. Asubuhi anaandika, wino unakimbia. Unakimbia kabisa, kama maji juu ya jani la magimbi. Mwalimu akamuuliza, hii ni sura gani, sura ya maji? Alichapwa, halafu akasugua ule ubao na majivu siku mbili."

Albertine hakucheka. Alikuwa akitazama mafuta yakishuka kwenye faneli, mekundu, mazito, bila haraka.

"Ubao ulionekana aje?" aliuliza. "Kabla hajaandika."

"Mzuri kabisa. Ulikuwa unang'aa. Njo maana hakujua."

"Nipimie chupa ya pili."

"Ya pili? Leo unapikia batayo nzima ya askari?"

"Iko kazi moja," Albertine alisema.

*

Rangi ya ubao, kila mama wa mtoto wa shule anajua kuitengeneza. Unatwanga makaa mpaka yawe unga. Unavunja betri za redio zilizokufa, unatoa ule weusi wa ndani, unatwanga pamoja. Unaongeza majani ya muhogo yaliyopondwa, maana utomvu wake ndio unaoshika ukuta. Ukipaka jioni, kesho yake ubao ni mweusi, mkavu, na chaki inauma vizuri.

Albertine alitwanga peke yake uani, jua likiwa bado juu. Bolingo alikuwa ameenda kuchota maji. Katika kutwanga alimwona yule kijana Umba na kartoni kichwani, suruali yake ya mwalimu ikipasuka magotini, wanafunzi wake wakipita. Alimwona vizuri kuliko alivyotaka. Alisimamisha mchi. Kama mwanaume yule angekuja hata kesho yake kumlilia mlangoni, angempa maji ya kunywa na kigoda.

Lakini hakuja. Alichagua mtoto. Kati ya askari wote na bunduki zao, alimchagua msichana mwenye sketi kuukuu, kwa sababu msichana hangempiga filimbi.

Albertine alifungua chupa ya pili, akamimina nusu yake ndani ya kinu. Alijua yote, na bado alimimina. Wekundu ulipotea ndani ya weusi kama damu ndani ya udongo. Nusu iliyobaki aliifunga kwa kizibo cha gunzi, akaiweka juu ya kabati.

Jumamosi Bolingo alikwenda kwa sababu usiku uliotangulia mama yake alimwambia, "Nenda kesho, na nenda Jumatatu. Baada ya hapo, ukisema siende, sitakulazimisha." Alibeba ndoo kichwani. Wavulana walipaka kwa matambara. Ukuta wa saruji uliokuwa ndio ubao wao ulikunywa rangi, ukang'aa kuliko siku zote.

"Ubao unanukia sombe," Lazare alisema, na darasa zima likakubaliana naye. Majani ya muhogo ndani ya mawese, nani asingeijua harufu ile? Wakaanza kudai samaki wa kuweka juu. Hata Umba alitabasamu. Alirudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni, akatazama ubao wake. Hakuujaribu kwa chaki. Rangi mbichi haijaribiwi. Alisema, "Tuuache ukauke mpaka Jumatatu," akafunga mlango.

*

Inspekta alikuwa mtu mrefu, jina lake Tshimanga, mwenye abakosti, koti rasmi la wakati ule, ya rangi ya majivu na kalamu tatu mfukoni. Albertine alikuwa chini ya dirisha tangu saa mbili. Hakukaa siku hiyo. Alisimama, beseni kichwani, kama mtu anayepumzika tu njiani. Umba pia alikuwa amevaa abakosti. Ilikuwa ya kijivu hafifu, ya kuazima, mabega yake yakimzidi.

Akageukia ubao aandike tarehe. Chaki ikateleza.

Akabonyeza zaidi. Kilichobaki ukutani kilikuwa alama kama ya konokono aliyepita. Akachukua chaki nyingine. Ikateleza. Ya tatu ikavunjika, nusu ikaruka mpaka miguuni kwa inspekta. Mtoto mmoja akakohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi. Umba alichukua kitambaa afute, rangi ikatoka na kitambaa. Akafuta kwa kiwiko, kwa kusahau, na mkono mzima wa abakosti ya kuazima ukawa mweusi hadi begani.

Utamu ulimpanda Albertine kutoka tumboni. Asingeweza kusema uongo juu ya hilo hata mbele ya padri. Aliutazama mkono ule mweusi, aliitazama shingo ya mwalimu inayotoka jasho, akasema moyoni: sasa nani ni mfano?

"Citoyen," inspekta alisema kutoka nyuma, akiandika, "unaendelea au tungoje mvua ioshe?"

Umba aliuacha ubao. Aliinua rula, aliinua daftari, akauliza majina, watoto walijibu. Aliweka dawati dogo karibu na kubwa. Sauti yake ilikuwa inarudi kidogo kidogo. Kisha akasema, "Now," akatazama darasa, na kabla hajataja jina lolote, Bolingo akasimama.

Hakuna aliyemwita. Alisimama tu, peke yake, mikono ubavuni, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi. Ule utamu ukamkauka Albertine mdomoni. Hakuwa amejua kwamba mazoea yale yamefika hapo.

Umba alimtazama Bolingo, akafungua mdomo, akaufunga. Inspekta alidhani mwalimu ameishiwa. Akainuka, akatembea mpaka mbele, akasimama begani kwa Umba. Kweli, alimzidi kichwa kizima. "Hamna ubao, basi tumieni sisi," alisema kwa Kifaransa, akifurahia mzaha wake. "Weye uliyesimama. Tulinganishe. Usiogope, mwalimu wako hatakuuma."

Bolingo alitazama dirishani. Alimwona mama yake, akaona ile mikono yenye weusi kwenye kucha, akavuta hewa puani polepole. Albertine alijua kwamba mtoto ameelewa habari yote ya sombe.

Kisha Bolingo akasema, kwa Kiingereza, taratibu: koti la mwalimu ni jeusi kuliko ubao.

Darasa likapasuka. Inspekta alicheka mpaka akashika tumbo. Hata Albertine alielewa, maana neno "jeusi" na neno "ubao" alikuwa nayo. "Nyingine," inspekta alisema, akifuta macho.

Bolingo hakucheka. Alimgeukia Umba, akamwambia yeye, si inspekta, sentensi ya pili. Ilikuwa ndefu kidogo. Albertine hakuielewa. Aliona tu kwamba watoto wachache walianza kucheka wakaacha, na kwamba Umba aliinamisha kichwa. Inspekta alikuwa ameshageuka kwenda kuandika. "Très bien," alisema. "Très, très bien."

*

Kengele ilipopigwa na inspekta alipokwenda ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, Umba alitoka akaja moja kwa moja ukutani. Alinusa mkono wake wa koti.

"Mama, hii ni mawese."

"Ndiyo."

Umba alikuwa ametarajia uongo. "Nikimwambia prefe, mutoto wako anatoka shule leo."

"Mwambie. Na minyi nitamwambia kila siku uliyomusimamisha. Batoto makumi ine batakuwa bashahidi. Bote balirudia kwa nguvu, ulibaambia weye mwenyewe."

Umba alitazama huku na huku. Alishusha sauti. "Unajua bwana yako alinifanya nini? Banafunzi bangu banaona?"

"Najua. Na mutoto wangu, nani alikuwa anaona? Si banafunzi hao hao?" Aliweka beseni chini. "Mutoto wangu hakuwa na filimbi, citoyen."

Umba alikuwa kijana kweli. Kwa karibu alionekana kama kaka wa wanafunzi wake. "Inspekta amenipa alama ya 'bon'," alisema mwishowe, kana kwamba anakiri wizi. "Anasema ubao si kitu, kama mwanafunzi anaweza kusema vile. Kwa ajili ya Bolingo. Unajua alisema nini, ile ya pili?"

"Sikusoma."

"Alisema: leo mwalimu ana haya kuliko mimi."

Albertine aligeuza uso. Kwenye uwanja watoto walikuwa wanapimana urefu mgongo kwa mgongo, wakicheka. Alitaka kumchukia kijana huyu bado, na alimchukia, lakini chuki haikuwa na mahali pa kukaa vizuri kama jana. Alitazama ndani ya darasa, ule ukuta uliokunywa mafuta. Watoto wote walikuwa wamepoteza ubao wao, na mtihani ulikuwa mwezi ujao.

"Kesho nitaleta majivu na maji ya moto," alisema. "Mawese haishindi majivu. Tutasugua na tofali, itatoka. Koti pia unipe."

"Ni ya shemeji yangu."

"Basi unipe leo."

Alilivua. Chini yake shati lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa mkono wa mwanaume asiyejua kushona. "Wafwako," alisema kwa Kiluba chake kwa sauti ndogo, asante ya mtu asiye na uhakika kama amepewa au amenyang'anywa.

"Na Bolingo?" Albertine aliuliza, akiwa tayari ameinua beseni.

"Hatasimama tena."

"Atasimama," Albertine alisema. "Atasimama akijua jibu, kama bengine. Hiyo njo kusimama."

*

Walisugua siku mbili, yeye na Umba na watoto waliopenda. Siku ya tatu chaki ilianza kuuma upande wa kushoto wa ubao, na mwalimu akawa anaandika huko tu, kwa herufi ndogo. Alipohitaji mtu mfupi, alisimama yeye mwenyewe karibu na Lazare. Bolingo alitoa mfuko wake chini ya kitanda. Hakurudia kupima sufuria na kuku, bado. Lakini Alhamisi, ndege ilipotua, alitoka nje akatazama mnara.

Ijumaa jioni Kaporali Bokungu alikuja kutoka zamu amechoka, amefurahi. Alisimulia kwamba asubuhi ile Umba alishuka kwenye velo mita hamsini kabla ya bariere, bendera yenyewe ikiwa bado haijatolewa. "Ameshika adabu," alisema. "Unaona? Ulikuwa unataka niombe musamaha." Alivua viatu, akanyoosha mkono kuchukua siraji.

"Lete," Albertine alisema. "Leo nitakupakia minyi. Weye pumzika."

Bokungu alishangaa, kisha akaona kwamba ndivyo inavyostahili. Alijiegemeza ukutani akafumba macho. Albertine aliingia ndani, akashusha chupa kutoka juu ya kabati, akachomoa kizibo cha gunzi. Alichanganya siraji na mafuta ndani ya kifuniko, taratibu, mpaka wekundu ukapotea. Alifikiria uwanja wa gwaride, kilomita nzima ya vumbi la kiangazi, laini kama unga, na jinsi mafuta yanavyolipenda vumbi. Alifikiria wake za watu waliokuja kuchota maji. Njia ya kwenda shule ilipita pale pale, na saa ya ukaguzi ilikuwa saa ya watoto kupita. Juu ya hilo alisita, maana Bolingo naye angepita. Bolingo alikuwa ameketi mlangoni na daftari lake. Alitazama kifuniko, akavuta hewa puani, akarudi kwenye daftari bila neno.

Albertine alipaka kiatu cha kwanza, akapaka cha pili, akavisugua mpaka vikawaka. Alitumia mafuta yote.

Bokungu alifungua jicho moja. Akaketi sawasawa. Akavichukua viatu, akavigeuza kwenye mwanga wa mwisho wa jua, na uso wake ukaonekana ndani, mdogo, umefurahi.

"Mama Bolingo," alisema kwa upole ambao hakuwa nao siku nyingi, "havijawahi kung'aa hivi."

"Ndiyo, Tata Bolingo," mkewe alijibu, akifuta mikono. "Kesho vyako vitaonekana kuliko vya bote."